Malkia, Munshi na Yule Mtu wa Pili

Tangu ilipoonyeshwa bwaloni petu muhula huu ile sinema iitwayo Victoria & Abdul, hakuna jambo lililozungumzwa zaidi mabwenini kuliko urafiki wa watu wale wawili. Wengi wasema ya kuwa ndiyo sinema bora kuliko zote tulizopata kuonyeshwa, kwa kuwa yatufundisha kwamba mkubwa na mdogo waweza kupendana. Wasichana kadhaa wa Kidato cha Pili walilia. Mimi nami naipenda, wala sikuja hapa kuwanyang'anya watu machozi yao. Lakini ninalo neno la kusema juu yake, na kwa kuwa gazeti hili husomwa na wazazi na walimu pamoja nasi, naona ni afadhali nilisemee hapa kuliko kulinong'ona kitandani baada ya taa kuzimwa.

Kwa faida ya wale ambao hawakuiona, habari yenyewe ni hii. Mwaka 1887 Malkia Victoria wa Uingereza alitimiza miaka 50 katika kiti cha enzi. Wakati huo alikuwa pia Kaisari wa Bara Hindi, cheo alichopewa na Bunge lake mwaka 1876, ingawa nchi hiyo hakupata kuikanyaga hata siku moja. Katika sherehe zile waliletwa watumishi wawili kutoka Bara Hindi, Waislamu wote wawili, wapate kusimama mezani pake. Mmoja alikuwa Abdul Karim, kijana wa miaka 24, karani wa gereza la Agra. Malkia alikuwa na miaka 68, naye alikuwa mjane tangu mwaka 1861. Yule mtumishi Mskochi aliyempenda sana, John Brown, alikuwa amekwisha kufa mwaka 1883. Abdul alianza kwa kuchukua sahani. Mwaka uliofuata, 1888, hakuwa mtumishi wa mezani tena, bali Munshi wa Malkia; na cheo hicho alikaa nacho mpaka Malkia alipofariki tarehe 22 Januari 1901.

Sinema hii ilitoka mwaka 1917 ungeongeza miaka mia, yaani 2017, chini ya uongozi wa Stephen Frears, na aliyecheza Malkia ni Judi Dench, mama ambaye alikuwa amekwisha kumcheza Malkia huyo huyo miaka ishirini kabla, katika sinema ya habari za John Brown. Abdul amechezwa na Ali Fazal. Habari zimetolewa katika kitabu cha Bibi Shrabani Basu, lakini wenye sinema wametuonya tangu mwanzo: wameandika ya kwamba mambo haya ni ya kweli, kwa sehemu kubwa. Mwalimu wetu wa Historia aliisimamisha picha mahali pale, akatuambia tuyaangalie vema maneno yale madogo ya mwisho, maana ndani yake mwaweza kupita ng'ombe.

Basi nianze kwa kusifu, kwa sababu pana la kusifiwa. Kwangu mimi jambo bora kuliko yote katika sinema hii si ile dhahabu, wala majumba, wala yale mavazi. Ni kumwona mwanamke mzee, mwenye mamlaka juu ya watu mamilioni, akikaa na kalamu kama sisi na kuandika herufi asizozijua. Jambo hili si la sinema tu. Malkia Victoria alijifunza Kihindustani kwa Abdul kwa muda wa miaka kumi na mitatu, akaandika kila siku kidogo kidogo, hata akajaza vitabu kumi na tatu vya mazoezi, navyo vimehifadhiwa mpaka leo. Hakuwa na mtihani wa kufanya. Hakuwa na mwalimu wa zamu wa kumwogopa. Angeweza kusema kwamba macho yanamwuma, na hakuna ambaye angemlazimisha. Sisi tulio na umri wa miaka kumi na saba twalalamika tukipewa ukurasa mmoja wa insha.

Tena nilifurahi kwa jambo jingine, ambalo huenda wenzangu hawakulitia maanani. Neno hili "munshi" si geni kwetu. Limo katika Kiswahili, nalo maana yake ni mwalimu wa lugha. Na katika lugha ile aliyokuwa akijifunza Malkia yamo maneno mengi ambayo yeyote kati yetu angeyatambua: kitabu, dunia, habari, wakati, hata rafiki, kwa maana lugha zote mbili zilikwenda kukopa kwa Waarabu. Kama Malkia yule angetembelea darasa letu la Kiswahili, asingekuwa mgeni kabisa. Pengine angepata alama chache kuliko baadhi yetu, pengine nyingi kuliko wengine, na majina siyataji.

Kuna na lile embe. Abdul amsimulia Malkia habari za embe, naye aagiza aletewe moja kutoka Bara Hindi, likija, limeoza. Wasichana wa kutoka Tabora walicheka kuliko wote.

Kadhalika lazima niseme kweli kwamba Malkia aliteseka kwa ajili ya urafiki huu, wala hakuwa rafiki wa maneno matupu. Wakuu wa nyumba yake hawakutaka kabisa kukaa meza moja na Mhindi aliyekuwa mtumishi jana. Walimpeleleza mpaka Agra, wakagundua kwamba baba yake, ambaye Abdul alimsifu kuwa ni daktari mkuu, alikuwa msaidizi tu katika hospitali ya gereza. Malkia akakataa kusadiki. Mwaka 1897, alipokuwa tayari kwenda kupumzika kusini mwa Ufaransa, watu wake walimpelekea habari kwamba Munshi akienda, wao watajiuzulu. Malkia alighadhibika hata akavipangusa vyote vilivyokuwa juu ya meza yake vikaanguka sakafuni. Na Munshi akaenda. Katika sinema Malkia awakusanya watu wake wote na kusema kila atakaye kujiuzulu na atoke mbele amwambie usoni. Hakuna mguu uliosogea. Bwalo zima lilipiga makofi, na mimi nilipiga.

Lakini sasa nataka kuwaulizeni, ndugu wasomaji: je, mwamkumbuka yule mtu wa pili?

Nilisema kwamba walikuja wawili. Mwenziwe Abdul aliitwa Mohammed Buksh. Jina lake halimo katika jina la sinema, wala halimo katika jina la kitabu. Katika sinema aletwa kwa bahati tu: yule mrefu aliyechaguliwa kwenda pamoja na Abdul alianguka juu ya tembo, basi akatafutwa mwingine upesi, naye ni mfupi. Mohammed ndiye mwenye kutuchekesha. Alalamika baridi, alalamika chakula, ataka kurudi kwao. Aona mambo kama yalivyo na kuyasema, lakini kwa kuwa ayasema kwa mzaha, sisi twacheka tu, kisha twageuza macho kumtazama Abdul ambaye ni mrefu na mzuri wa sura. Na hapo ndipo tulipofanya kama Malkia alivyofanya. Katika sinema yeye mwenyewe akiri baada ya siku ya kwanza kwamba yule mrefu amempendeza kwa uzuri. Kama yule mfupi ndiye aliyesimama upande wa kulia siku ile, pasingekuwa na habari hii yote.

Tazameni basi mambo yalivyokwenda. Kila Abdul alipopanda daraja moja, Mohammed alibaki palepale alipokuwa. Abdul alipewa nyumba. Mohammed alipewa kikohozi. Wakubwa wakamjia Mohammed kwa siri wakimtaka awape maneno mabaya juu ya mwenzake, wapate kumwangusha. Huyu mtu, ambaye tangu siku ya kwanza hakutaka kitu ila kurudi nyumbani, na ambaye alikuwa na kila sababu ya kumwonea Abdul kijicho, alikataa. Aliwaambia usoni kwamba Abdul hafanyi lolote ila lile wanalolifanya wao kila siku, yaani kupanda ngazi ya upendeleo. Kisha akafa katika nchi ile ya baridi, na sinema ikaendelea.

Mimi nasema kwamba katika sinema ile urafiki mkubwa kuliko wote ni huo, wa Mohammed kwa Abdul, kwa sababu haukuwa na malipo. Malkia alipata mwalimu, msimulizi na mtu wa kumsikiliza. Abdul alipata cheo, nyumba, na shamba huko Agra. Mohammed hakupata kitu, naye alinyamaza kwa ajili ya mwenzake. Na jambo linalonisikitisha ni kwamba hatukuonyeshwa Malkia akiuliza hata mara moja: na yule mwenzako anayekohoa, je, atapenda kurudi kwao?

Dada mmoja wa Kidato cha Tano aliniambia kwamba nataka mno. Alisema mtu hawezi kuwa rafiki wa watu wote. Malkia alikuwa na haki ya kuchagua rafiki kama mtu mwingine yeyote. Hilo nakubali. Mtu wa kawaida ana haki hiyo. Lakini mtawala si mtu wa kawaida, na pendo lake si pendo la kawaida, kwa maana yeye akimpenda mmoja, sheria ya nchi hubaki vilevile kwa wengine wote. Abdul aliruhusiwa kuketi. Je, Wahindi wengine nao waliketi? Mwaka 1896 na 1897 palikuwa na njaa kuu katika Bara Hindi, na nyingine ikaja mwaka 1899. Katika miaka hiyo hiyo Malkia alikuwa akiandika mazoezi yake ya Kihindustani katika chumba kizuri. Kule Osborne, katika kisiwa cha Wight, alikuwa amejengewa ukumbi wa Kihindi, uliopambwa na fundi kutoka Punjab aitwaye Bhai Ram Singh. Ukumbi huo umeonyeshwa katika sinema. Njaa haikuonyeshwa.

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya mbali nasi. Jina la Malkia huyu twalitamka kila tusomapo Jiografia, kwa kuwa mwaka 1858 Bwana Speke alilipa jina hilo ziwa ambalo wenyeji walikuwa na majina yao. Mwezi Julai 1890, Abdul akiwa mwaka wa tatu katika kazi yake, serikali ya Malkia ilitia sahihi mkataba na Wajerumani wa kugawana nchi zetu, na mwaka huo Zanzibar ikawekwa chini ya himaya ya Waingereza. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Malkia zililipiga mizinga jumba la Sultani kule Unguja, na vita vile havikutimiza saa moja. Najua kwamba si Malkia aliyeamuru kila kitu. Mawaziri wake ndio waliotawala. Lakini manowari zile ziliitwa zake, na bendera ilikuwa yake. Mwanamke yule yule aliyekasirika kwa sababu rafiki yake mmoja amenyimwa kiti mezani, hakuyapangusa ya mezani kwa sababu ya Unguja. Sisemi kwamba alikuwa mnafiki. Nasema kwamba wema wake ulikuwa kama taa ya mkononi: uliangaza pale alipoielekeza tu.

Tena taa ile alikuwa ameishika yeye peke yake. Alipokufa, Abdul aliruhusiwa kuingia kumwaga maiti kabla jeneza halijafungwa, na alitembea pamoja na watu wa msiba, kwa kuwa ndivyo Malkia alivyotaka. Kisha mfalme mpya, Edward wa Saba, akaamuru barua zote za mama yake kwa Abdul zichomwe moto. Katika barua hizo Malkia alikuwa akijiita mama yake Abdul. Ziliteketezwa, na Munshi akarudishwa kwao Agra, ambako alifariki mwaka 1909, akiwa na miaka 46 tu. Miaka kumi na mitatu ya urafiki, na asubuhi moja ilitosha kuifuta. Yaliyosalia ni vile vitabu vya mazoezi na shajara ya Abdul, ambayo jamaa zake waliihifadhi kimya kwa miaka mingi huko Karachi, mpaka Bibi Basu alipoipata.

Hapa wenzangu husema kwamba kosa ni la Edward. Ni kweli alikuwa mkatili. Lakini ninyi mwaonaje? Malkia alijua vema kwamba mwanawe na watu wake wamchukia Munshi. Alikuwa na miaka mingi ya kuandaa nyumba yake, iwe mahali ambapo Mhindi aweza kuketi kwa sababu ana haki ya kuketi, si kwa sababu Malkia yumo chumbani. Badala yake aliwafanya watu wake wamwogope yeye. Hofu ile ilizikwa pamoja naye.

Sasa niseme lile lililonifanya nishike kalamu. Katika shule za bweni, na yetu ikiwamo, kuna desturi ambayo wazazi huenda hawaijui, ingawa baadhi ya akina mama waliosoma bweni wataitambua mara moja. Mtoto wa Kidato cha Kwanza afika na tranka lake na ndoo yake, hajui lolote. Dada mmoja wa kidato cha juu, mara nyingi kiranja, ampenda na kumwita "mtoto wangu". Tangu siku hiyo mtoto yule hasumbuliwi. Hupata nafasi mbele kwenye bomba, huazimwa vitabu, hufundishwa hesabu jioni, na akilia usiku ana mahali pa kwenda. Naye kwa shukrani humfulia dada yake sare na kumchotea maji. Desturi hii ina uzuri wake, wala sitaki ipigwe marufuku. Nimeona watoto waliokuwa karibu kutoroka wakatulia kwa sababu ya dada kama huyo.

Lakini nimeona pia ni watoto gani wanaochaguliwa. Huchaguliwa mchangamfu. Huchaguliwa mzuri. Huchaguliwa yule ambaye siku ya wazazi huletewa siagi ya karanga na sukari. Na yule mwingine, mwenye haya, ambaye mama yake hakuweza kupata nauli ya kuja, hachaguliwi na mtu, naye hutumwa na wote. Maji ya dada hawa wawili na watatu huyachota yeye, kwa kuwa "watoto" wao wamesamehewa. Yeye ndiye Mohammed wetu. Na kama yule wa sinema, mara nyingi ndiye mcheshi wa bweni, na sisi twacheka.

Tena ifikapo Novemba, dada zao wa Kidato cha Nne hufanya mtihani na kuondoka. Siku ya pili yake wale waliopendelewa hujikuta hawana mlinzi, na walionyimwa huwa wamengoja kwa hamu. Barua hazichomwi, lakini ndoo hufichwa na shuka hulowanishwa. Walimu wetu hushangaa kila mwaka kwa nini ugomvi wa Kidato cha Kwanza huzidi katika wiki hizo za mwisho.

Maoni yangu ni haya. Kwanza, kazi ya kuchota maji na kusafisha vyoo iandikwe kwa zamu, majina yote, kutoka Kidato cha Kwanza hata cha Nne, viranja nao wakiwamo, na karatasi hiyo ibandikwe ubaoni penye saini ya Matroni. Sasa zamu hizo husemwa kwa mdomo, na mdomo una rafiki. Pili, asiwepo mtu wa kumsamehe mwingine zamu yake isipokuwa kwa ugonjwa. Dada akitaka kumpenda mtoto wake, na amchotee maji yeye mwenyewe siku ya zamu yake; hapo tutajua kwamba ampenda. Yale mambo mengine, kufundishana, kuazimana vitabu, kufarijiana, hayo yaendelee kama yalivyo, maana hayamwongezei mtu mwingine mzigo.

Najua wako watakaosema kwamba viranja wakichota maji heshima yao itapungua. Malkia Victoria alikubali kusahihishwa herufi na karani wa gereza, na hatukusikia kwamba taji lilianguka.

Chama chetu cha Mdahalo kimetangaza kwamba muhula ujao mada itakuwa hii: Mtawala aweza kuwa rafiki wa kweli wa mtumishi wake. Nimekwisha kuandikisha jina langu upande wa kupinga. Nafasi ya msemaji wa pili bado i wazi, nami nimemwomba Katibu asiijaze kwanza, maana ningependa ichukuliwe na mtu wa Kidato cha Kwanza.